Usukani Ulionyamaza

Neno usukani lilikuwa la majini kabla halijafika barabarani. Mshika usukani wa jahazi, usiku, hupashwa na kiganja habari ambazo jicho halizioni. Dereva wa gari naye aliijua siri hiyo, hadi teknolojia ilipomhurumia.

Mwalimu mmoja wa Nairobi aliendesha kwa miaka mingi BMW ya kizazi cha E46, kilichoanza kuuzwa mwaka 1998. Usukani wake ulisaidiwa na pampu ya mafuta iliyozungushwa na injini. Akiuteremka mteremko wa Mai Mahiu wakati wa mvua, usukani ulilegea kidogo mkononi kabla matairi ya mbele hayajaanza kuteleza. Hapakuwa na muujiza. Mpira wa tairi hujikunja unapoishika lami kwenye kona, na mkunjo huo ndio huuvuta usukani urudi katikati. Mshiko unapokaribia ukomo wake, mvuto huo hupungua mapema kuliko mshiko wenyewe. Kulegea huko, basi, ni onyo.

Lakini njia inayopitisha onyo hupitisha pia kero. Mamake mwalimu, ambaye mgongo wake ulikwisha kuchoka na dunia, aliguna kwa kila shimo. Kwa ajili yake gari likabadilishwa, ikaja BMW ya kizazi cha F30, kilichoingia sokoni mwaka 2012. Humo usukani husaidiwa na mota ya umeme. Sababu zake zaeleweka: pampu hula nguvu ya injini muda wote, ilhali mota hufanya kazi hasa usukani unapozungushwa, hivyo petroli huokolewa, tena kwa mota hiyo gari laweza hata kusaidiwa na kompyuta kujiegesha. Kompyuta hiyo hiyo huchuja mitetemo.

Mama alilala tangu Nairobi hadi Nakuru. Mwanawe hakustarehe. Alikuwa kama aliyeshika mkono wa mtu asiyeitikia. Alibonyeza kitufe cha hali ya michezo. Usukani ukawa mzito, ila uzito si habari. (Hata M3 ya mwaka 2014, gari la wapenda kasi, ilipewa daraja tatu za uzito wa usukani, kana kwamba ukimya hunenepeshwa ukawa usemi.) Waandishi wengi wa magari walilalamika vivyo hivyo, japo yamkini hakuna miongoni mwao aliyekuwa na mama kiti cha nyuma. Wahandisi nao hawakukosa hoja: shokabzoba zinazoongozwa kwa umeme zaweza kulainika na kukazika kwa amri, bali raba zinazounganisha magurudumu na bodi huchaguliwa mara moja tu, kiwandani, ama laini ama ngumu.

Mvua iliporudi, mwalimu aliuteremka Mai Mahiu kwa mwendo wa kobe. Mama akazinduka.

“Mbona unakwenda polepole hivi, mwanangu?”

“Barabara haisemi, mama.”

“Afadhali inyamaze,” akajibu, akaegemeza kichwa, akalala tena.