Jua la Kando ya Barabara

Kando ya barabara itokayo Manyoni kwenda Singida mjini, shangazi yangu huuza mafuta ya alizeti. Mchana jua humchoma. Usiku huuza kwa mwanga wa kibatari. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014 ilizisamehe paneli za sola kodi hiyo, na msamaha huo ni mwema. Nilipomweleza habari yake kwa fahari ya msomi, aliniuliza, "Mwanangu, asiyeweza kununua husamehewa nini?" Nilinyamaza. Tangu siku ile naona kuwa msamaha hupunguza bei tu. Mkopo mdogo, ulipwao kidogo kidogo kila mavuno ya alizeti, ndio ungemfikisha shangazi kwenye bei hiyo.