Chupa Tatu za Maji ya Mvua

Binti yetu alipohitimu Juzuu Amma nilitimiza ahadi yangu: tangi dogo la kioo lenye samaki wanne. Hapa Ruanda, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, kitu cha namna hiyo huwaita watoto wa mtaa mzima. Nilichosahau ni upepo mkavu wa kipupwe, unaonyonya maji usiku na mchana.

Mwezi Julai tulikwenda kwa wakwe zangu siku tisa. Kijana wa jirani aliwalisha samaki kama tulivyomwagiza; kuhusu maji hatukumwagiza neno. Tuliporejea, maji yalikuwa yameshuka vidole vitatu, pampu ya kuchujia inavuta hewa, na samaki mmoja amekufa. Binti, aliyesoma hadithi hiyo madrasa, aliniuliza: "Baba, yule mwanamke aliyemfungia paka bila chakula wala maji, naye alikuwa amesafiri?" Sikuwa na jibu.

Dawa niliiona bandani, kwenye chombo cha kunyweshea vifaranga. Chupa iliyojaa hupinduliwa, mdomo wake ukazama kidogo tu majini. Madhali umezama, hewa haipati njia, na maji ya chupani hayatoki. Uso wa maji ukishuka, hewa huingia, maji kidogo hutoka, mdomo hufunikwa tena. Hapana umeme wala swichi. Katika karne ya 9, huko Baghdad, ndugu watatu waitwao Banu Musa waliandika Kitab al-Hiyal, kitabu kilichojaa vyombo vinavyojiendesha kwa maji na hewa. Mimi nilifundishwa na kuku.

Jaribio la kwanza lilinitia aibu. Dumu la lita 5 lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Hewa ikapita humo, maji yote yakashuka kwa pamoja, na mswala wa mama yake ukaloa. Sasa nimefunga kwenye fremu ya mbao chupa tatu za lita moja na nusu. Moja ikivuja, tangi halifuriki. Humo natia maji ya mvua tuliyokinga masika, kwa sababu kinachopaa ni maji peke yake: chumvi za maji ya kisima hubaki na kuzidi kila unapoongeza. Kubadilisha sehemu ya maji ya zamani bado ni kazi yangu ya kila wiki.

Agosti tulisafiri tena, siku sita. Tuliporudi, binti aliingia ndani kabla sijashusha mizigo, akahesabu: watatu. Kisha akaniletea chupa tupu niijaze.