Sauti Iliyotoka Nyuma Yetu



Wamama wapya wa shirika wametuuliza: je, ni haki mama achukue falanga ya likelemba, anunue televisheni kubwa na bafle sita za muziki? Tunajibu humu mbele ya wote, kwa sababu sisi tulikuwa wa kwanza kunung'unika, na tena tukawa wa kwanza kukaa kwenye mkeka wa yule tuliyemnung'unikia.

Mwenzetu huyo anauza samaki. Zamu yake ya likelemba ilipofika, tulidhani atanunua mabati au nyavu. Vitu vilikuja kwa lori kutoka Lubumbashi, kwa barabara ya Kasomeno na Kilwa, vimefungwa ndani ya magodoro ili vumbi lisiingie. Mtaa mzima ulihesabu makartoni. Kwenye mkutano tulimwambia maneno ambayo leo tunayaonea haya. Tulisema mjane hana haja ya kelele. Yeye alijibu polepole kwamba karo ya watoto imelipwa, kwamba paneli za jua na betri alizinunua kwa zamu iliyotangulia, na kwamba tangu azaliwe hajaona onyesho hata moja la muziki kwa macho yake. Akatuuliza, "Nyinyi mmeona?" Tukanyamaza.

Alisema kweli. Muziki ni wetu, lakini sisi wamama tunausikia kwa mbali. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo, yetu na ya ndugu zetu wa Brazzaville, kuwa urithi wa wanadamu wote. Mama Tshala Muana, tuliyempoteza Desemba 2022, alizaliwa Lubumbashi. Mwenda Jean Bosco alilipeleka gita la Katanga mpaka Marekani mwaka 1969. Lakini maonyesho hupigwa usiku, na mama anayerudi nyumbani usiku hupewa jina baya. Na penye njia ya kwenda, si salama sikuzote. Tarehe 29 Oktoba 2022, watu 11 walikufa katika msongamano kwenye onyesho la Fally Ipupa, uwanja wa Martyrs, Kinshasa. Walitoka nyumbani kwao kwenda kucheza tu.

Basi tulikwenda kwa mwenzetu, kila mmoja na mkeka wake. Mwenye nyumba alitueleza jinsi chombo chake kinavyofanya kazi, nasi tunawaeleza kama tulivyoelewa. Picha ya zamani ya televisheni ilikuwa na mistari 576 kutoka juu hadi chini. Picha hii safi ina mistari 1080, ndiyo maana unaona hata nyuzi za gita zikitikisika. Bafle tatu hukaa mbele: ya kushoto, ya kulia na ya katikati, na hiyo ya katikati ndiyo hubeba sana sauti ya mwimbaji. Mbili hukaa nyuma ya watu, juu kidogo ya masikio. Ya sita ni nzito, hukaa chini, nayo hutoa besi peke yake. Si kila onyesho hutumwa kwa sauti ya namna hiyo. Mengine huja na njia mbili tu, kushoto na kulia, na hapo bafle za nyuma hazina jambo la kusema. Lakini onyesho lililotumwa kamili, tena moja kwa moja, hukuweka katikati ya watu.

Usiku ule wa kwanza, Siku ya Posho, onyesho lilitoka Paris. Nkambo wetu, mkubwa kuliko sote katika shirika, tulimpa kiti cha katikati. Macho yake yana mtoto wa jicho, kwa hiyo ile mistari 1080 haikuwa kitu kwake. Alikuja kwa masikio. Gita lilipoanza kushoto, kichwa chake kiligeuka kushoto. Mwimbaji alipoingia, akanyoosha uso mbele yake, akacheka kama msichana. Watu wa Paris walipopiga makofi nyuma yetu, watoto waligeuka kuwatafuta, wakaona ukuta tu. Tulicheka sana.

Kisha ngoma kubwa ikapigwa, na fataki zikalipuka jukwaani. Besi ilitikisa vikombe mezani, na mlio mwingine ukapasuka nyuma ya migongo yetu. Nkambo alisimama. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, akamshika mjukuu wake, akasema, "Tutoke. Twende ziwani."

Wengine walidhani anatania. Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 2000 tulijua mara moja. Ilikuwa Desemba, vita vilipoingia Pweto, na watu kwa maelfu walivuka kwenda Zambia. Miongoni mwetu wapo waliozaa watoto katika kambi ya Mwange na ya Kala. Mwenye nyumba aliruka akaifunga sauti. Kwenye kioo watu wa Paris waliendelea kucheza bila sauti yoyote, midomo wazi, mikono juu, nasi tumemzunguka nkambo na kumshika mabega.

Alipokaa tena, alizungumza. Alisema siku ile hakuona kitu, alisikia tu. Mbele yake kulikuwa na watu wanaokimbia, na milio yote ilitoka nyuma. Aligeuka mara moja kumtafuta dada yake, akasukumwa mbele. Dada yake hakumwona tena upande wa pili wa ziwa, wala mpaka leo. Alisema, "Si mlio ulionitisha. Ni kwamba ulitoka mgongoni."

Watoto walikuwa wanasikia habari ya dada huyo kwa mara ya kwanza. Hata mjukuu wake mwenyewe hakuijua. Tumeishi naye miaka yote hii, tumekula bukari pamoja naye, tumelia naye kwenye vilio vya watu, na habari hiyo tuliipata kwa sababu ya bafle mbili zilizotundikwa ukutani. Usiku ule hatukuliendelea onyesho. Tulikaa tukizungumza mpaka betri zikachoka na taa ikazimika.

Siku iliyofuata baadhi yetu tulimshauri mwenye nyumba auze zile mbili za nyuma. Nkambo mwenyewe ndiye alikataa. Aliomba apelekwe mchana. Mwenye nyumba alimshika mkono, akamzungusha chumbani, akamwekea kiganja juu ya kila bafle, chombo kikiwa kimezimwa. Kisha akakiwasha, na kwa ile sauti ya kujaribu akazipiga moja moja: ya kushoto, ya katikati, ya kulia, kisha za nyuma, ya besi mwisho. Nkambo alizitaja zote sita kwa mahali pake bila kukosea. Juma lililofuata aliwaletea zile za nyuma vitambaa alivyofuma, ili ajue, alisema, kwamba nyuma yake pamevikwa na mikono yake.

Onyesho lililofuata tuliweka besi chini na sauti za nyuma chini zaidi. Nkambo alikaa karibu na ukuta wa nyuma. Makofi yalipokuja, tulimtazama yeye badala ya kutazama kioo. Akasikiliza. Akasema, "Hao ni watu tu." Katikati ya wimbo wa tatu akasema, "Mama, ongeza kidogo."

Basi, wamama, jibu letu kuhusu likelemba ni hili: mama aliyelipa karo na kulisha watoto wake ana haki ya kununua furaha, na sisi tulimkosea mwenzetu. Tumekwisha kumwomba msamaha kwenye mkutano. Tunaurudia hapa kwa maandishi, kwa sababu maneno yetu mabaya yalifika mbali kuliko mkutano.

Lakini kwa jamaa zenye chombo kama hicho, au zinazotaka kukinunua, tunaomba mambo haya. Anzeni na sauti ya chini, mpandishe taratibu. Kabla ya kuwasha, ulizeni kama jirani ana mgonjwa, mtoto mchanga au kilio, kwa sababu besi hupita ukuta hata pale mnapoona hamsikii kelele. Mkubwa asiyeona vizuri mwonyesheni kwa mkono sauti zitatoka wapi. Na aliyepita katika vita msimkalishe mahali ambapo mlio utamjia mgongoni kabla hajasema yuko tayari. Msimwulize mbele ya watu. Mwulizeni kando.

Kwa umeme, mwenye nyumba hukata friza ya samaki saa zile za onyesho, na hakuna ruhusa ya kuifungua. Ikifungwa vizuri hutunza baridi yake mpaka mwisho. Malipo ya dekoda tunagawana sote, asiyenayo mwezi huo analeta kuni au majani ya chai, na hakuna anayehesabiwa deni.

Anayetaka kuja Siku ya Posho aje na mkeka wake kabla ya jua kuzama. Kiti cha karibu na ukuta wa nyuma kina mwenyewe. Siku hizi mjukuu hukaa miguuni pake, na kabla onyesho halijaanza humwuliza habari za yule dada: alikuwa anaitwaje, alikuwa anapenda wimbo gani.