Kutoka Rumonge: Ndege Nne na Meli Isiyokufa

Msafiri atokaye Bujumbura kwenda Rumonge hana haja ya kuuliza njia. Ziwa liko mkono wake wa kulia, milima mkono wa kushoto, na barabara hupita katikati kwa kiasi cha kilomita 70. Hajaenda mbali na mji atapita Mugere, penye jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Kisha huanza michikichi, na harufu ya mawese humjulisha kuwa Rumonge i karibu.

Rumonge ni mji wa mawese, dagaa na Kiswahili. Jua lichwapo wavuvi hutoka na taa zao, na baada ya saa moja ziwa lote huonekana kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Ng'ambo husimama milima ya Ubwari, nchi ya Kongo. Mtu akiketi ufukoni hapo jioni, ni vigumu kusadiki kuwa anga ya ziwa hili ilipata kuwa uwanja wa vita.

Ndugu msomaji, tuanze na ndege moja. Mwaka 1914 Mjerumani Bruno Büchner aliwasili Dar es Salaam na ndege ya mabawa mawili. Reli ilikuwa imefika Kigoma mwezi Februari mwaka huo, na maonyesho makubwa yaliandaliwa mwezi Agosti kuiadhimisha. Badala ya sherehe vikaja vita. Ndege hiyo ya maonyesho ikageuka kuwa ndege pekee ya Wajerumani katika koloni lote, yaani Tanganyika, Rwanda na Burundi, Rumonge ikiwamo. Ilipopeleleza pwani ilipigwa risasi na Waingereza, na rubani akajeruhiwa. Haikufika ziwani kamwe.

Ziwani Wajerumani walitegemea meli. Graf von Götzen, yenye urefu wa mita 67 hivi, iliundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa makasha mpaka Kigoma, na kuteremshwa majini mwaka 1915. Ilipewa mzinga mkubwa uliotolewa katika manowari Königsberg, iliyoangamia Rufiji. Meli hiyo ndiyo iliyowanyima Wabelgiji usingizi.

Basi Wabelgiji wakapewa na Waingereza ndege nne za majini aina ya Short. Kila moja ilikuwa na mabawa yenye upana wa zaidi ya mita 16, injini ya nguvu za farasi 150, na nafasi ya watu wawili tu. Zilishushwa Matadi, zikapandishwa garimoshi, kisha meli za mto Kongo, kisha garimoshi tena, hadi Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Kila palipokoma reli au mto, mizigo ilihamishwa kwa nguvu za watu wa Kongo. Majina ya marubani yameandikwa vitabuni. Ya wachukuzi hao hayakuandikwa.

Shida haikuishia hapo. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya bahari, na hewa ya joto mahali pa juu ni nyepesi. Injini hupungukiwa nguvu, na mabawa hukosa kitu cha kushika. Maji yakitulia kama kioo, maboya ya ndege huyang'ang'ania. Yakichafuka kwa upepo wa kusi, huweza kuyavunja.

Hata hivyo, tarehe 10 Juni 1916, Aimé Behaeghe na mwenzake Collignon waliruka wakavuka ziwa, wakaidondoshea meli mabomu bandarini Kigoma. Mashambulizi mengine yakafuata. Lakini meli haikuzama. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba mzinga ule mkubwa ulikuwa umekwisha ondolewa kwenda kutumika kwingine, na mahali pake pakawekwa gogo lililochongwa mfano wa mzinga. Askari mwenzangu utaelewa: silaha mpya kabisa duniani ilitumwa kupigana na kipande cha mti, kwa kuwa taarifa zilichelewa kuliko ndege.

Kilichoamua ni miguu. Askari wa Kongo waliokuwa chini ya Wabelgiji waliteka Usumbura na Gitega mwezi Juni, wakasonga kusini. Tarehe 26 Julai Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi; siku mbili baadaye Kigoma ikatekwa. Behaeghe, anayehesabiwa kuwa rubani wa kwanza kuruka Afrika ya Kati, alifariki kwa maradhi huko Niemba mwezi Desemba mwaka huohuo.

Na meli? Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mwezi Mei 2015, maelfu ya Warundi walipokimbilia Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na maji, Liemba ndiyo iliyowachukua hadi Kigoma, safari baada ya safari, akina mama na watoto migongoni.

Chombo kilichoundwa kutawala ziwa, kikatumiwa vitani na kulengwa kwa mabomu, kiliishia kuokoa watoto wa mwambao huu. Ukipita Rumonge jioni, kabla wavuvi hawajawasha taa, tazama kusini kidogo ulikumbuke hilo.