Nyufa za Kuchorwa

Kwenye lango la Petit Trianon, amri zilitolewa kwa jina la malkia. Ufaransa yote iliendeshwa kwa jina la mumewe, Louis XVI, na sura yake ilikuwa kwenye sarafu, lakini katika nyumba hii moja ndani ya bustani za Versailles mfalme mwenyewe alikuwa mgeni. Alikuja akialikwa.

Nayajua haya kwa sababu nililipwa niyajue. Mimi huandika makala za mtandaoni ambazo hazibebi jina langu, na mteja mmoja wa ng'ambo alitaka maneno 1,500 kuhusu Marie Antoinette na nyumba yake ya mapumziko. Iwe nyepesi, akasema. Maua, vioo, mahaba. Nilimpa maua na vioo. Mengine aliyakata, na ndiyo haya.

Nyumba yenyewe si kubwa. Ange-Jacques Gabriel ndiye aliyeichora, ikajengwa kati ya 1762 na 1768, enzi za Louis XV. Ni mraba wa mawe, mistari imenyooka, na upande wa bustani kuna nguzo nne za Kikorintho. Ulaya ilikuwa imechoshwa na mapambo ya kujikunjakunja, wajenzi wakarudi kwa Wagiriki na Waroma wa kale kutafuta utulivu. Ilikusudiwa Madame de Pompadour, mpenzi wa mfalme, ila alifariki 1764 kabla haijakamilika.

Kwenye mipango ya mwanzo kulikuwa na meza ambayo ingepandishwa kutoka vyumba vya chini ikiwa na chakula tayari, ili mfalme ale bila kumwona mtumishi hata mmoja. Mtambo huo haukuwahi kuwekwa. Lakini wazo lenyewe halijanitoka. Yaani chakula kijilete.

Mwaka wa 1774 Louis XVI alimpa mkewe nyumba hiyo. Marie Antoinette alikuwa na miaka 18. Hapo ndipo nilianza kumhurumia, na si kitu nilichokuwa nimepanga.

Fikiria maisha aliyokuwa nayo kasri kubwa. Alivishwa nguo asubuhi mbele ya watu, kila mmoja na cheo chake na haki yake ya kumkabidhi kitu fulani. Alikula huku akitazamwa. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, Desemba 1778, chumba kilijaa watu waliokuja kushuhudia. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi: mwili wa malkia ulikuwa mali ya taifa.

Mimi naishi bedsita moja na dadangu mdogo. Niliacha chuo kwa sababu karo haikutosha watu wawili, na yeye ndiye alikuwa ameitwa kusomea uuguzi. Kati ya kitanda chake na godoro langu kuna shiti iliyoning'inizwa kwenye waya. Akibadilisha nguo anavuta shiti. Nikitaka kulia, navuta shiti. Jirani akikohoa tunajua ni upande gani wa kifua. Kwa hivyo mtu akiniambia kutaka faragha ni maringo, namwangalia tu.

Katika chumba kimoja cha Trianon, malkia aliwekewa vioo vinavyopanda kutoka sakafuni kwa mtambo, vikafunika madirisha kabisa. Akitaka, dunia inafungwa. Nilimsomea dadangu hiyo sehemu. Akasema, "Kumbe ni shiti yetu, sema tu ni ya pesa."

Shida yangu na malkia inaanzia nje, bustanini.

Louis XV alikuwa na bustani ya mimea pale, ya utafiti kabisa. Bernard de Jussieu aliipanga mimea kwa familia zake za asili, na bustani hiyo ikawa na sifa Ulaya nzima. Malkia hakuitaka. Mimea mingi ilihamishiwa Paris, na mahali pake pakachimbwa mto wa kupindapinda, pakainuliwa kilima, pakawekwa pango, na kwenye kisiwa kidogo hekalu la mapenzi. Mtindo huo uliitwa wa Kiingereza. Kila kitu kilifanyiwa kazi kubwa ili kionekane kimejiotea tu.

Kisha, kuanzia 1783, mjenzi wake Richard Mique akamjengea kijiji kando ya ziwa la kuchimbwa. Kulikuwa na nyumba za kuezekwa nyasi, shamba lenye ng'ombe, na mkulima halisi aliyeletwa na familia yake kulitunza. Kuta zilipakwa rangi kwa ustadi ili zionekane zimechakaa. Mafundi walichora nyufa.

Nilisoma hiyo sentensi mara tatu. Sisi tumelelewa na methali, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa kuna mtu aliyelipa achorewe nyufa. Kwenye ploti yetu kuna ufa unaoanzia juu ya mlango hadi kwenye dari, na mvua ya Aprili inaujua vizuri. Mpangaji akihama, landilodi hupaka rangi juu yake kabla mwingine hajaja kuona nyumba. Huku nyufa zinafichwa ili kodi ipande. Kule zilichorwa ili ukuta upendeze. Na ndani ya Nyumba ya Malkia, nyuma ya hizo kuta za kimaskini, kulikuwa na samani za kifalme.

Kijiji hicho kilikuwa pia na kinu cha kusaga nafaka. Gurudumu lilikuwepo, linazunguka majini. Ndani hakukuwa na jiwe la kusagia. Manze, poshomili ya maonyesho.

Wasioalikwa walibaki nje ya lango wakijaza yale wasiyoyaona. Madame Campan, mhudumu wa malkia, aliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba wajumbe waliofika Versailles 1789 walidai kuonyeshwa chumba cha Trianon kilichopambwa kwa almasi. Walifunguliwa vyumba vyote. Hakikuwepo. Hawakuamini, wakadhani wamefichwa. Mimi nawaelewa. Ukishafungiwa nje kwa muda mrefu, hata ukweli mdogo unaonekana kama uongo. Tena chumba cha almasi kilikuwa rahisi kuaminika kuliko kinu kisichosaga.

Mavuno ya 1788 yalikuwa mabaya, na bei ya mkate ikapanda. Tarehe 5 Oktoba 1789 wanawake wa Paris walitembea karibu kilomita 20 hadi Versailles kudai mkate. Malkia alikuwa Trianon habari zilipomfikia. Aliondoka siku hiyo na hakurudi tena. Miaka minne baadaye, Oktoba 1793, alikatwa kichwa kwa gilotini akiwa na miaka 37. Samani zake zilipigwa mnada, na kwa muda ile nyumba ikawa mahali pa wageni kulala na kunywa.

Leo ukiwa na tiketi unaingia. Nyumba ya Malkia pale kijijini ilifunguliwa tena 2018 baada ya ukarabati. Mteja wangu alitaka nimalizie kwa kumshauri msomaji aende mapema kabla ya umati, na hivyo ndivyo nilivyomalizia.

Kama ingekuwa makala yangu, ningemwambia apite vioo na hekalu, aende hadi kwenye kinu. Asimame hapo dakika chache, alitazame lile gurudumu. Kisha awafikirie wale wanawake barabarani, wengine wao wakiwa wametoka vyumba ambavyo havikuwa na hata shiti ya kuvuta, wakitembea kwenda kuuliza unga uko wapi.