Mita 60

Nilikwenda kwenye mkutano ule nikiwa na nakala ya sheria kwenye mfuko wa shati. Mwekezaji alitaka kujenga gati ya boti za starehe kando ya mwalo wetu, hapa Mwanza, na nyuma yake duka la kuuza boti na injini. Ofisa mipango miji alitandika mchoro juu ya madawati mawili, akaukandamiza kwa mawe usipeperuke, akatuomba tusogee tuuangalie. Wengi tulibaki tumekaa. Mchoro una namna yake ya kumfanya mtu mzima ajione hakwenda shule.

Mwekezaji alisema yake: ajira, watalii, taa za barabarani. Zamu yangu ilipofika nikasoma kwa sauti ileile niliyofundishia kwa miaka 31. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, shughuli za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya eneo hilo. Nikapigiwa makofi. Nikakaa, kichwa kimevimba kidogo.

Akainuka mama mmoja anayeanika dagaa. "Gati bila maji si gati, hilo naelewa," alisema. "Lakini boti inayosubiri mnunuzi, ina kiu gani?"

Watu wakacheka. Ofisa mazingira hakucheka, aliandika. Na kuanzia hapo mkutano ukawa mkutano kweli, maana swali lile lilitupa kazi ya kuchambua: kipi lazima kiguse maji, na kipi kimeletwa pale kwa sababu mandhari inapendeza? Gati, sawa. Maegesho ya magari? Ghala la mafuta? Karakana ya kukwangua fibaglasi, vumbi lake liangukie kwenye chanja za dagaa? Yule mama akasogea mezani, akaweka kidole kwenye sehemu iliyopakwa kijani na kuandikwa "bustani". Hapo, akasema, ndipo tunapopita na ndoo asubuhi, na mashua zinaposhusha mzigo. Njia ya miaka yote, kwenye karatasi ilikuwa nyasi.

Mimi nilikuwa nimekuja kuzuia kila kitu. Yeye, asiyeweza kumaliza siku moja bila maji yale, alikuja kugawa. Bado linanisumbua, hilo.

Halafu akasimama mzee fundi wa mitumbwi. Hakuzungumzia boti za mtu. Alizungumzia maji. Alikuwa mtoto, alisema, mvua za 1961 zilipoanza, na ndani ya miaka mitatu ziwa likapanda zaidi ya mita 2, likameza mashamba ya ukingoni. Mwaka 2006 lilishuka hadi mitumbwi ikalala kwenye tope. Mei 2020 likapanda tena na kuvunja rekodi ya 1964. Kutoka kina kile cha 2006 hadi kile cha 2020 ni karibu mita 3 kwenda juu, na ukingo ukiwa tambarare kama wetu, hizo ni hatua nyingi sana za mguu kwenye nchi kavu.

"Sasa hizo mita 60," akauliza, "mnaanza kuzihesabu kwenye maji ya mwaka gani?"

Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Mzee akanigeukia, kwa upole kabisa. "Na ukuta wako, Mwalimu, uko mita ngapi?"

Ukuta wangu niliujenga 1998. Palikuwa na mafunjo, nikaagiza malori ya kifusi tukayafukia, kwa sababu yalileta mbu na kuziba upepo. Vifaranga vya samaki hujificha humo kwenye mizizi, na mafunjo ndiyo huchuja tope la mvua kabla halijaingia ziwani. Hayo nilikuwa nikiyafundisha darasa la sita. Jioni nikirudi nyumbani nilinung'unika na majirani kwamba sato wamepungua. Sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili kwenye sentensi moja.

Mwekezaji aliambiwa akachore upya: duka, ghala na karakana vihamie ng'ambo ya barabara, njia ya mwalo ionekane kwenye mchoro kwa upana wake, na aeleze gati itafanyaje maji yakipanda na yakishuka. Hakufurahi, lakini hakukataa. Kwa maoni yangu ni uamuzi wa haki, na hautokani na karatasi niliyoisoma mimi.

Jioni ile nilimwita mjukuu wangu ashike upande mmoja wa futi kamba. Tulipima mara mbili. Mita 34, na ziwa lilikuwa limerudi nyuma.

Fundi anakuja Jumatatu. Nimemwambia aanze kubomoa upande wa maji.