Zamu ya Tarehe 3 Juni

Nilianza kazi ya hoteli Tororo, nikiwa mhudumu wa vyumba katika nyumba ya wageni ambayo madirisha yake ya nyuma yalitazama Mwamba wa Tororo. Kwetu ni Usamia, upande wa Kenya, lakini kwa watu wa huku mpaka haujawahi kukata ukoo. Shangazi yangu aliolewa Uganda, na ndiye aliyenitafutia kazi ile.

Msimamizi wetu alikuwa mama wa Kijapadhola, mtu wa maneno machache. Ndiye aliyenifundisha kutandika kitanda. Shuka la chini huvutwa kutoka kichwani kwenda miguuni, kona hukunjwa pembe na kuchomekwa chini ya godoro, kisha kiganja hupitishwa juu taratibu kutafuta mkunjo, kama mama anayepapasa paji la uso la mtoto kuona kama ana homa. Nikiharibu kona hakunigombeza. Aliifumua, akaitandika mwenyewe nikiona, halafu akaniachia kona ya pili. Na mgeni akisifu chumba, aliniita mapokezi nije nisikie kwa masikio yangu. Sijapata kusoma kitabu cha uongozi kilichonifundisha zaidi ya mama yule.

Januari 2008 ndipo nilipoona uzito wa kazi yake. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 zilikuwa zimewavusha Wakenya wengi kupitia Busia na Malaba, na kambi ikafunguliwa Mulanda, wilaya hiyohiyo ya Tororo. Petroli iliadimika Uganda nzima kwa sababu mafuta yake yalipitia Kenya. Vyumba vyetu vilijaa watu wa mashirika ya misaada. Miongoni mwetu wafanyakazi walikuwemo Wakenya wa makabila yaliyokuwa yakichomeana nyumba kule nyumbani, na jikoni watu walianza kula kwa mafungu. Mama yule hakuitisha mkutano. Alibadilisha ratiba tu: vyumba vikawa vinafanywa na watu wawili wawili, naye ndiye aliyepanga nani aende na nani. Kitanda kikubwa hakitandikiki na watu wasiosemezana, maana shuka lazima livutwe pande zote mbili kwa wakati mmoja. Wiki ya kwanza walikuwa wakisema "vuta" na "acha" peke yake. Baadaye walianza kuulizana habari za nyumbani, nani amepatikana na nani hajulikani aliko.

Nilipovuka kuja kufanya kazi Busia, kwanza msimamizi wa vyumba na baadaye meneja, nilikuja na ile ratiba kichwani. Naamini mpaka leo kwamba mfanyakazi wa hoteli huijua nafasi yake mbele ya mkubwa kwa mambo mawili: ratiba ya zamu na sanduku la bakshishi. Picha ya mfanyakazi bora wa mwezi ukutani, keki, hotuba za mwisho wa mwaka, hayo yote ni mazuri, lakini mtu aliyepangiwa Jumapili ya nne mfululizo bila kuelezwa sababu hawezi kuyaonja.

Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Hoteli yetu iko upande wa Kenya, ila wafanyakazi wengi walilala Uganda na kuvuka asubuhi kwa miguu au kwa boda. Jikoni ulisikia Kisamia, Ateso, Kidhopadhola na Luganda, na Kiswahili kikiwaunganisha. Sasa, sikukuu za kulipwa zilifuata sheria ya Kenya, nchi iliyotuajiri. Hivyo 1 Juni, Madaraka, ilikuwa sikukuu, na 12 Desemba, Jamhuri, vilevile. Lakini 3 Juni, siku ya Mashahidi wa Uganda, ambapo nusu ya jiko ilitamani kuwa hijani Namugongo au angalau kanisani na mama zao, kwetu ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Hata 9 Oktoba, Uhuru wa Uganda, ilikuwa hivyo.

Kupanga siku hizo niliwaachia wenyewe. Nilibandika karatasi tupu karibu na mlango wa stoo mwezi mmoja kabla, nikaandika juu yake tarehe nne: 1 Juni, 3 Juni, 9 Oktoba, 12 Desemba. Sharti langu lilikuwa moja: kila zamu iwe na mpishi, wahudumu wawili wa meza, mtu wa vyumba na mtu wa mapokezi. Wakenya walijaza 3 Juni na 9 Oktoba, Waganda wakachukua Madaraka na Jamhuri. Waislamu wetu wakaja na hoja yao ya Idd, na karatasi ikaongezwa mstari. Mwenye hoteli aliogopa kwamba siku moja tutabaki bila mtu. Haijatokea. Mtu anayeijaza zamu kwa kalamu yake humtafuta mwenziwe wa kumshikia akiugua, kabla hata hajanipigia simu.

Bakshishi ilikuwa ngumu zaidi. Nilikuwa nimefanya kazi mahali ambapo fedha za wageni zilipelekwa ofisini na hakuna aliyejua zinakoishia, na nilikumbuka jinsi tulivyozoea kuficha noti kwenye soksi na kutazamana kwa shaka. Busia nilimwomba fundi sanduku la mbao lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja ulikaa na mtu wa jikoni, mwingine na mhudumu wa meza. Jumamosi baada ya chakula cha mchana lilifunguliwa mezani mbele ya kila mtu, shilingi za Kenya zikapangwa huku na za Uganda kule, na kila mmoja akapata fungu lake: mpishi, mwosha vyombo, dobi, hata askari wa lango anayempokea mgeni mzigo saa tano za usiku. Wahudumu wawili wa meza waliona wanaporwa jasho lao, wakaondoka. Sikuwashikilia. Sahani inayofika mezani ikiwa safi na moto imepita mikononi mwa watu wasioonwa na mgeni kamwe.

Kazi yenyewe nayo ilibadilika chini ya miguu yetu. Ugatuzi wa 2013 uliifanya Busia kuwa makao makuu ya kaunti, na warsha zikaanza kumiminika. Kisha Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni wakazindua kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo msafiri anagongewa muhuri wa nchi zote mbili upande anaoingilia. Shughuli za mpakani zikawa za upesi, na kwa wafanyabiashara ni neema. Kwetu ilimaanisha madereva wa malori waliokuwa wakilala hapa wakingoja makaratasi sasa hupita moja kwa moja. Wahudumu waliojua kila dereva anapenda samaki wa Ziwa Victoria wa kukaanga au wa mchuzi walijikuta wanatakiwa kuwapa chai watu themanini wa semina ndani ya robo saa. Tulijifunza kwa mazoezi, ukumbi ukiwa mtupu, tukibeba birika zenye maji baridi.

Wakati huo nilikuwa nimesikia habari za hoteli za Ritz-Carlton, ambazo kila mfanyakazi wake, hata wa vyumba, ana idhini ya kutumia hadi dola 2,000 kwa mgeni mmoja kutatua shida bila kumwuliza mkubwa. Mfuko wetu si huo. Lakini wazo lilinikaa moyoni, maana nilikuwa nimechoka kuona msichana mwenye akili timamu akimwambia mgeni, "Ngoja nimwulize meneja." Tukakubaliana shilingi 500 za Kenya. Samaki amechelewa na basi la Kampala limefika? Mfungie mgeni, mpe na chai ya njiani, usimtoze. Sharti ni kuandika kwenye daftari la mapokezi: tarehe, chumba au meza, kilichotokea, ulichofanya.

Lile daftari likawa mwalimu wangu wa pili. Baada ya miezi michache niliona chai na mayai ya bure yanarudiarudia asubuhi, na karibu yote yalikwenda kwa vyumba vya ubavu mmoja wa jengo. Maji ya moto hayakuwa yakifika huko. Miaka yote hiyo tulikuwa tukiwalaumu watu wa mapokezi kwa malalamiko yaliyoletwa na bomba. Mwenye hoteli alipoona kurasa zile, alimwita fundi wiki ileile.

Kuna jambo moja ambalo sikubali kulifunika kwa maneno matamu ya kutia moyo. Huku mpakani wapo wanaofanya kazi hotelini miaka mingi wakilipwa kwa siku, kana kwamba wameajiriwa jana. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi, na sheria hiyohiyo inampa likizo ya mwaka ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa malipo kamili. Nilibishana na mwenye hoteli kuhusu kifungu hicho mpaka watu wa vyumba wakapata barua zao. Msichana mmoja aliipeleka barua yake Tororo kumwonyesha baba yake, akarudi akaniambia, "Mama, mzee ameiweka pamoja na hati ya shamba."

Machi 2020, kwa sababu ya korona, Uganda ilifunga mipaka kwa abiria, na tarehe 27 Kenya ikaanza amri ya kutotoka nje usiku. Waganda waliokuwa zamu walibaki nasi, tukawapa vyumba. Mwenye hoteli alitaka kupunguza watu. Wafanyakazi walikaa ukumbini, viti mbalimbali, wakaja na pendekezo lao: kila mtu apunguziwe siku na malipo, asifukuzwe yeyote, na wenye watoto wadogo wapewe zamu za mchana. Malori tu ndiyo yaliruhusiwa kuvuka, na madereva walipoanza kusubiri vipimo vya korona, foleni ilienda kilomita nyingi. Jikoni waliomba ruhusa ya kupika chapati na maharagwe na kuyauza huko foleni. Hela ile ilisaidia kulipa mishahara ya miezi mibaya kuliko yote.

Tulipofungua tena kikamilifu, karibu wote walirudi kazini. Mpishi wetu wa samaki hakurudi. Ile foleni ilikuwa imemwonyesha soko lake, akafungua mkahawa Malaba, upande wa Uganda. Kabla ya kuondoka alikaa nasi wiki nzima bila malipo akimfundisha mwosha vyombo kupaa, kuchanja na kukaanga. Huyo mwosha vyombo ndiye anayeshika jiko letu leo, na mwaka huu amejiandika zamu ya 3 Juni ili msaidizi wake aende Namugongo.